Cheni Huliwa Kutoka Ndani

Klipu ya cheni ya pikipiki ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Siku klipu yangu ilipochomoka tulikuwa watatu. Tulikuwa tumetoka Ishiara alfajiri, tukavuka mto Thuci, tukawa tunapandisha mlima wa changarawe upande wa Tharaka. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini, kisha injini ikapiga kelele na pikipiki haiendi. Nilipogeuka, cheni ilikuwa imelala kwenye vumbi hatua kumi nyuma yangu. Ilikuwa saa tano na nusu, na jua la huku mnalijua.

Cheni yenyewe ilikuwa mpya, ya siku nne tu. Aliyenifungia aliiweka klipu kinyume, nami nikaichukua pikipiki bila kuinama kuangalia. Tulisukuma kwa zamu hadi alasiri. Njia nzima nilikuwa na wazo moja kichwani: ingekatika nusu saa kabla, tulipokuwa tunateremka kwenda mtoni, ingeweza kujisokota kwenye sproketi ya mbele na kulifunga gurudumu la nyuma nikiwa kwenye mwendo. Hapo nisingekuwa na hadithi ya kusukuma pikipiki. Ningekuwa na hadithi ya hospitali, au nisingekuwa na hadithi kabisa.

Nawaandikia ninyi mnaopenda pikipiki za porini, zile ambazo vijana wetu huziita skrambla, mnaotoka Jumapili kupima njia za Kiang'ombe, za Siakago na za kuvuka kwenda Chiakariga. Nawaandikia pia ninyi mnaokula kwa pikipiki: mnaobeba muguka kabla haijanyauka, magunia ya ndengu, mbuzi siku ya soko, na wagonjwa usiku. Njia zetu ni zilezile, vumbi letu ni lilelile, na cheni haimtambui anayeendesha kwa raha wala anayeendesha kwa riziki. Ninachotaka kuwaambia ni kimoja: cheni huliwa kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Ukilielewa hilo, mengine yote nitakayosema utayaona yana maana.

Kinachoiua cheni

Watu husema cheni "imevutika", kama vile chuma kimenyooka mfano wa mpira. Sivyo. Itazame kwa karibu. Kila kiungo kina pini, pini imepita ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayozunguka inapogusa jino la sproketi. Umbo hili ni la zamani: Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza, alilibuni mwaka 1880, na hadi leo hakuna aliyelipita kwa kazi hii. Kinacholika ni mahali pini inaposuguana na bushi. Pini huwa nyembamba, tundu la bushi hupanuka, na kiungo kinapata nafasi ya kucheza.

Piga hesabu. Tuseme cheni yako ina viungo 120, na kila kiungo kimelika sehemu moja tu ya kumi ya milimita, kiasi usichoweza kukiona. Jumla ni milimita 12, karibu urefu wa kiungo kizima. Hapo ndipo mtu husema cheni imevutika. Ukweli ni kwamba imesagwa.

Nani aliyeisaga? Vumbi. Mchanga wa nchi kavu kama yetu umejaa chembe ngumu zinazokwaruza chuma. Na kazi ya cheni ni kubwa kuliko tunavyodhani. Pikipiki yenye sproketi ya nyuma ya meno 42, ikienda kilomita 60 kwa saa, huizungusha cheni yote karibu mara tatu kila sekunde. Katika kila mzunguko, kila kiungo hujikunja na kujinyoosha mara nne: kinapoingia na kinapotoka kwenye sproketi ya mbele, kisha vivyo hivyo ya nyuma. Ukisafiri saa moja huku chembe ya mchanga imo kati ya pini na bushi, umeisaga maelfu kwa maelfu ya mara.

Sasa tazama tunavyofanya wengi wetu. Cheni ikianza kulia kwa ukavu, tunapita kwa fundi, anachukua chupa ya oili chafu iliyomwagwa kutoka injini nyingine, anaimimina juu ya vumbi, na kelele inanyamaza. Tunafurahi. Lakini oili ile imebeba masizi na unga wa chuma wa injini ilikotoka. Ikikutana na vumbi lililoganda juu ya cheni, inakuwa uji mweusi unaosaga, na uji huo unaingia ndani mahali ambapo vumbi kavu lisingefika peke yake. Umeinyamazisha cheni huku ukiongeza kasi ya kifo chake. Isitoshe, oili hiyo ina madhara kwa ngozi ikishikwashikwa kwa muda mrefu, na ikimwagwa ovyo mvua huipeleka mtoni, kwa watu na mifugo wanaokunywa huko.

Robo saa ya usafi

Kanuni ni fupi: safisha kwanza, lainisha ndani, pangusa nje. Ukiruka hatua ya kwanza, ya pili ni hasara.

Unahitaji mafuta taa kidogo kwenye kopo, brashi ya nailoni (hata mswaki mkuukuu unafaa), vitambaa viwili, na oili safi ya gia, ile nzito inayouzwa kama namba 90. Kama una uwezo wa kununua dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya cheni, ni nzuri, lakini oili ya gia imefanya kazi hii miaka mingi bila kumwangusha mtu.

Weka pikipiki kwenye stendi ya kati. Skrambla nyingi hazina stendi hiyo. Ikikosekana, iegemeze juu ya kreti au gogo imara lililowekwa chini ya injini, gurudumu la nyuma lielee. Kisha zima injini, toa ufunguo, uutie mfukoni. Nasisitiza: mfukoni. Kuna njia ya mkato inayofanywa kila siku, ya kuwasha injini, kutia gea ya kwanza na kushika kitambaa kwenye cheni inayozunguka yenyewe. Namjua kijana ambaye kitambaa kilivutwa pamoja na vidole vyake viwili, na ncha zake hazikupatikana za kushonwa. Yeye mwenyewe ndiye anayewaambia wenzake kwenye steji: "Ndugu yangu, gurudumu zungusha kwa mkono." Mkono wako una nguvu ya kutosha. Injini haina huruma ya kusimama.

Chovya brashi kwenye mafuta taa, sugua cheni pande zote nne huku ukilizungusha gurudumu polepole kinyumenyume. Uji mweusi utaanza kudondoka. Uukinge na kopo. Usisahau sproketi ya nyuma, na mara moja kwa mwezi fungua kifuniko cha sproketi ya mbele, kwa sababu huko ndiko tope la oili na vumbi hujificha hadi kuwa gumu kama lami. Pangusa kwa kitambaa kikavu na uache dakika chache mafuta taa yapae. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko na sigara.

Petroli usiitumie. Inawaka upesi mno, na kama cheni yako ni ya aina yenye pete za mpira, inaziharibu. Pete hizo utazitambua ukitazama cheni kutoka juu: ni viduara vyeusi vidogo kati ya bamba la ndani na la nje la kila kiungo. Kazi yake ni kufungia grisi iliyotiwa kiwandani isitoke na vumbi lisiingie. Cheni hizi ni ghali zaidi, lakini kwa nchi ya vumbi zinarudisha pesa yake. Usizisugue kwa brashi ya waya, wala usimruhusu anayeosha pikipiki kwa mashine ya presha kuelekeza maji moja kwa moja kwenye cheni. Presha ile inapenya mahali mpira ulipokuwa umezuia.

Sasa oili. Wengi huipaka kwa nje, juu ya rola, mahali pasipo na shida. Elekeza tone upande wa ndani wa cheni, ule unaotazama sproketi, kwenye mwanya kati ya mabamba, kushoto na kulia. Cheni inapozunguka, oili husukumwa nje ikapitia pini na bushi. Tone moja kila mwanya linatosha. Fanya hivyo jioni baada ya safari, cheni ingali na joto, maana oili hupenya vizuri penye joto. Iache ilale. Asubuhi chukua kitambaa kikavu upanguse nje yote. Cheni iliyotunzwa vizuri ukiigusa kwa kidole hukuachia alama ndogo tu. Ile inayong'aa kwa kulowa oili ni mtego wa vumbi.

Mara ngapi? Kwenye lami safi, kila kilomita 500 inatosha. Kwenye njia zetu za kiangazi, kila kilomita 200 hadi 300, na kila baada ya kuvuka maji au kunyeshewa, bila kuhesabu kilomita. Mwenye bodaboda anayetembea kilomita mia kwa siku atajikuta anaifanya mara mbili au tatu kwa wiki. Ni kama nusu saa hadi dakika arobaini na tano katika siku saba.

Ulegevu wenye kipimo

Cheni iliyolegea sana huruka meno na hupiga chesisi. Hilo kila mtu analijua. Wasilolijua wengi ni kwamba cheni iliyokazwa sana ni mbaya zaidi. Pikipiki inapokalishwa na mizigo, gurudumu la nyuma hupanda na umbali kati ya sproketi mbili hubadilika. Cheni isiyo na nafasi ya kucheza hukamuliwa, nayo hukamua beringi ya shafti inayotoka kwenye gia. Beringi hiyo ikiharibika injini nzima inafunguliwa. Kwa sababu ya haraka ya kukaza cheni, mtu anajikuta analipia injini.

Pikipiki nyingi za barabarani za cc 100 hadi 150 huhitaji cheni icheze kati ya milimita 20 na 30, yaani upana wa vidole viwili hivi. Skrambla, kwa kuwa springi zake hupanda na kushuka zaidi, huhitaji nafasi kubwa zaidi, mara nyingi kati ya milimita 35 na 50. Kipimo cha pikipiki yako kimeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko kilicho kwenye mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Hicho ndicho cha kufuata, si kauli yangu wala ya jirani.

Kupima kwenyewe hufanywa hivi. Gea iwe huru. Zungusha gurudumu polepole huku ukiipima cheni katikati ya upande wa chini, kwa kuisukuma juu na kuivuta chini. Utaona mahali fulani imekaza kuliko pengine, kwa kuwa cheni hailiki sawasawa. Pima hapo palipokaza. Ukipima palipolegea na ukarekebisha, palipokaza patakuwa kamba ya upinde.

Kurekebisha ni kulegeza nati ya ekseli, kisha kugeuza skrubu mbili za marekebisho, kushoto na kulia, robo mzunguko kwa robo mzunguko, zote sawa. Alama zilizochongwa pande mbili zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na cheni italika ubavu. Kabla ya kukaza nati, weka kitambaa kilichokunjwa kati ya cheni na sproketi ya nyuma, uzungushe gurudumu hadi kikwame. Hilo huivuta ekseli mbele ikalie skrubu zake barabara. Kaza, toa kitambaa, pima tena. Na kama breki yako ya nyuma ni ya dramu, ikague papo hapo: gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki nayo huvutika. Breki inayokwaruza njia nzima hupata moto na kuisha, na pengine dereva analaumu petroli kuwa mbaya.

Dalili za mwisho wa safari

Ipo siku cheni inakuwa imekwisha, na hakuna oili itakayoifufua. Pikipiki nyingi ndogo hutumia cheni namba 428, na kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Chukua rula, vuta cheni ikaze, uhesabu viungo 20. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 257 anza kuweka akiba. Ikipita 259 usiende nayo safari. Skrambla kubwa nyingi hutumia namba 520, ambayo viungo 20 ni milimita 317.5, na ikifika 323 imekwisha.

Huna rula? Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma, uivute kuelekea mkiani. Cheni nzima haitoki. Iliyokwisha huinuka hadi unaona nusu ya jino. Kisha tazama meno. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililoliwa huinama upande mmoja kama pezi la papa. Ukiona hivyo, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno makuukuu haidumu, na kwa kudhani umeokoa pesa ya sproketi utanunua cheni mara mbili. Nunua seti mahali unapoweza kurudi na kuuliza, iwe kwenye boksi lake, na namba zake zisomeke kwenye mabamba ya cheni yenyewe. Bandia mara nyingi hujitambulisha kwa mabamba mepesi na maandishi hafifu.

Na sasa ile klipu yangu. Ina umbo la samaki: upande mmoja umefungwa, mwingine umepasuka kama mkia. Upande uliofungwa ndio unaotangulia kule cheni inakokwenda. Kwa hiyo ukisimama kando ya pikipiki na klipu iko upande wa juu wa cheni, kichwa cha samaki kitazame mbele, kwenye injini. Ikiwekwa kinyume, kila kijiti na kila jiwe linaloigonga linausukuma ule mpasuko ufunguke. Waendeshaji wengi wa mashindano huifunga pia kwa waya mwembamba. Ukitoka kwa fundi, yeyote yule, mwambie kwa heshima, "Mzee, hebu nione klipu," kisha uitazame. Fundi mzuri hachukii kukaguliwa.

Mchanga, maji na pumzi ya injini

Njia zetu zina mambo mawili yanayomaliza pikipiki: laga, yaani mito mikavu, zenye mchanga mzito wakati wa kiangazi, na mito inayojaa katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba.

Kwenye mchanga, simama juu ya vikanyagio, sukuma uzito nyuma kidogo, shika gea ya pili na uache usukani uchezecheze mikononi bila kuung'ang'ania. Kufunga mafuta ghafla katikati huizamisha tairi ya mbele. Ukitoka upande wa pili, simama. Tikisa cheni, ondoa mchanga kwa brashi kavu, wala usiimwagie oili hapo hapo.

Mto unaotembea kwa nguvu usiuingie kabla hujauvuka kwa miguu na fimbo. Maji yakifika juu ya magoti yako, rudi. Hakuna safari ya Jumapili inayolingana na maisha yako. Ukishavuka maji madogo salama, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa zikauke, na usiku huo huo isafishe cheni uipake, kwani kutu huanza kwa saa chache.

Kinacholingana na cheni kwa kuteswa na vumbi ni filta ya hewa. Ile ya sponji ioshe kwa mafuta taa, kisha kwa maji ya sabuni, uikamue bila kuisokota, uianike kivulini hadi ikauke kabisa. Halafu itie oili safi, uikamue ibaki na unyevu tu. Filta ya karatasi haioshwi. Gongagonga vumbi litoke, na ikiwa nyeusi inunuliwe nyingine. Wanaoendesha wakiwa wamefuatana wajue kwamba wa nyuma anakula vumbi la wote: yeye, macho yake na filta yake. Achaneni kiasi cha vumbi kutua, na mbadilishane nafasi.

Mavazi ni sehemu ya chombo

Helmeti kwanza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini helmeti iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu, wala ile isiyofungwa kamba. Ikae kichwani kwa kubana mashavu kidogo. Kamba ikifungwa ipitishe vidole viwili tu. Tafuta yenye alama ya ubora ya KEBS au alama ya kimataifa ya ECE. Ikishaanguka nawe kwenye ajali, hata kama inaonekana nzima, itupe, kwa maana povu la ndani hufanya kazi mara moja tu.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka mwendeshaji na abiria wote wavae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga, na abiria awe mmoja. Wako wanaokataa helmeti ya bodaboda kwa sababu ya jasho la aliyetangulia. Hoja yao ni ya kweli, na dawa yake ni rahisi: weka vitambaa vyepesi vya kuvaa ndani, na uifue sponji ya helmeti kila wiki.

Macho yahitaji miwani ya vumbi inayoziba pembeni, kwa kuwa mdudu mmoja kwenye kilomita 60 kwa saa anatosha kukupofusha kwenye kona. Mikono ivae glavu, kwani mtu akianguka hutanguliza viganja. Magoti na viwiko viwe na kinga ngumu. Zipo zinazovaliwa ndani ya suruali ya jinzi. Kwa joto la Ishiara, jaketi la wavu lenye kinga mabegani ni bora kuliko la ngozi utakaloliacha nyumbani. Na miguu, ndugu zangu, miguu! Akala ni kiatu cha heshima shambani na sokoni, lakini kwenye pikipiki haimkingi mtu na ekzosi ya moto, na kisigino kiko sentimita chache kutoka kwenye cheni. Vaa buti linalofunika kifundo. Asiye na uwezo wa buti la pikipiki avae la kazi lenye kamba, ncha za kamba akizichomeka ndani.

Hapo cheni na mavazi vinakutana. Vijana wanapenda kuondoa kifuniko cha cheni ili pikipiki ionekane ya mashindano. Kwenye uwanja wa motokrosi, aliye juu ya pikipiki yuko peke yake na amevaa buti hadi gotini. Kwetu, nyuma yako amekaa mama mwenye leso, au mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio. Leso ikishikwa na cheni humvuta aliyeivaa kabla ya dereva kujua kuna jambo. Kirudishe kifuniko. Kabla ya kuondoka geuka, umwambie abiria: "Mama, tafadhali kusanya leso uikalie." Hatakasirika. Atajua amebebwa na mtu.

Mfuko wa safari na daftari

Kila anayetoka nje ya lami abebe mfuko wenye vitu hivi: klipu mbili za saizi ya cheni yake pamoja na kiungo chake, kifaa kidogo cha kusukumia pini, spana ya nati ya ekseli, koleo, waya mwembamba, viraka na gundi ya pancha, pampu ya mkono, na maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili. Miiba ya migunga ya huku haibagui tairi. Mwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa ya kurudi, maana yako mabonde ambako simu haishiki.

Na mnapopita penye watu, punguzeni mwendo. Mbuzi huvuka wakati wowote, mtama umetandazwa juani kando ya njia, na watoto wanatoka shule. Vumbi unaloinua kwa raha yako linatua kwenye chakula cha mtu.

Mwisho, nunua daftari dogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe na kilomita kila unapoisafisha cheni, unapoirekebisha na unapoibadilisha. Baada ya miezi sita utaijua pikipiki yako kuliko mtu yeyote, na hata fundi atakusikiliza kwa namna nyingine. Langu nililianza wiki ile niliyosukuma kutoka Tharaka. Mstari wake wa kwanza una maneno mawili, nami huyasoma kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, kisha nainama upande wa kushoto na kulizungusha gurudumu kwa mkono hadi nikione kile kichwa kidogo cha samaki kimeelekea mbele. Maneno yenyewe ni haya: tazama klipu.